Kila tasnifu ibebe hoja inayoweza kutetewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie neno ambalo kila mwaka, mahafali ya vyuo yanapokaribia, husikika katika kila steshenari ya hapa Dodoma, kuanzia katikati ya mji hadi barabara ya kuelekea Chimwaga. Kwa Kiingereza neno hilo ni thesis, na kwa Kiswahili tumezoea kuliita tasnifu. Kazi yangu ni kuhariri lugha katika maandiko ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na nimeifanya muda wa kutosha kuamini kwamba udhaifu mkubwa wa maandiko hayo hautokani na sarufi wala na hesabu za takwimu. Unatokana na kwamba waandishi wengi hawajawahi kuelezwa kitu wanachoandika kinadai nini kwao. Historia ya neno lenyewe inalieleza jambo hilo vizuri kuliko miongozo mingi ya uandishi niliyoisoma, na ndiyo maana naomba wasomaji wanivumilie nianzie mbali kidogo.

Kwanza niliondoe swali ambalo wanafunzi huniuliza kuliko yote, la tofauti kati ya maneno mawili ya Kiingereza, thesis na dissertation. Jibu lake ni fupi. Elimu yetu ya juu ilirithi desturi za Uingereza, kwa kuwa chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kwa desturi hiyo kazi ya uzamivu huitwa thesis na ya uzamili huitwa dissertation. Marekani wao huyatumia maneno hayo kinyume chake. Kiswahili kinatumia tasnifu kwa ngazi zote mbili, nami sioni hasara yoyote. Anayetaka kutofautisha aseme tasnifu ya uzamili au tasnifu ya uzamivu, na kila mtu atamwelewa.

Jambo lenye uzito ni asili. Neno thesis ni la Kigiriki cha kale, na limetokana na kitenzi tithenai, ambacho maana yake ni kuweka. Thesis basi ni tendo la kuweka, au kile kilichowekwa. Kilikuwa kitenzi cha matumizi ya kila siku, cha kuweka jiwe mahali pake, kuweka sheria, kuweka msingi; Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba hakuna mtu awezaye kuweka msingi mwingine, kitenzi alichokitumia katika Kigiriki chake ni hicho hicho. Mzizi huo umezaa maneno mengi ambayo wasomaji wako wanayajua kwa sura nyingine. Thema lilikuwa jambo lililowekwa mbele ya watu ili lizungumzwe. Hypothesis ni kile kilichowekwa chini ili hoja iegemee juu yake, nasi tunakiita haipothesia au nadharia tete. Synthesis ni kuweka pamoja, na mtoto wa shule ya msingi hukutana na maana hiyo katika somo la sayansi anapofundishwa usanisinuru. Antithesis ni kuweka mkabala na kinyume, na walimu wa fasihi huifundisha kama tabaini.

Wagiriki walilitumia neno hilo hata katika ngoma na ushairi. Mdundo waliugawa sehemu mbili, arsis, yaani kunyanyua, na thesis, yaani kutua, na kilichonyanyuliwa na kutua kilikuwa ni mguu. Aliyewahi kutazama ngoma za Wagogo, wachezaji wakiwa wamefunga njuga miguuni, ataielewa maana hii mara moja: mguu ukiwa bado hewani mdundo haujajulikana, na ukishatua, mchezaji ameshajifunga mbele ya watazamaji wote. Baadaye wanasarufi wa Kilatini waliyahamishia maneno hayo kwenye kupanda na kushuka kwa sauti, maana zikageukiana, na hadi leo vitabu vya arudhi ya Ulaya havikubaliani kuhusu upande upi uitwe thesis. Nimeitaja maana hii kwa sababu inaonyesha kwamba tangu zamani neno hili lilibeba wazo la kukanyaga mahali maalumu ambapo kila mtu anapaona.

Aliyelipa neno hilo maana inayotuhusu zaidi ni Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake kiitwacho Topika. Anasema thesis ni rai ya mwanafalsafa anayejulikana, rai ambayo inakwenda kinyume na yale yanayoaminiwa na watu wengi, naye anatoa mifano: kauli ya Heraclitus kwamba vitu vyote vimo katika mwendo, kauli ya Melissus kwamba kilichopo ni kimoja tu, na kauli ya Antisthenes kwamba haiwezekani kupingana. Anaongeza kwamba kushughulika na kila mtu wa kawaida anayesema kinyume cha wengine ni upuuzi, maneno ambayo yanaweza kumuudhi msomaji wa leo, ila nadhani alichokitaka ni kwamba rai iwe na mtu anayeweza kuisimamia kwa sababu. Kisha anaweka tofauti ambayo ningependa ibandikwe katika kila ofisi ya msimamizi wa utafiti. Kila thesis ni tatizo la kujadiliwa, asema, lakini si kila tatizo ni thesis, kwa kuwa yako matatizo ambayo hatuna rai yoyote juu yake, upande huu wala ule. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa na tatizo la utafiti, akawa na maswali ya utafiti, akawa na malengo mahususi manne yaliyopangwa vizuri, na bado akawa hana thesis, kwa sababu hajasema lolote ambalo mwenzake angeweza kulikataa.

Walimu wa balagha, yaani ufundi wa kuzungumza kwa kushawishi, waliokuja baadaye, wakifuata mafundisho yanayonasibishwa na Hermagoras wa Temnos, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, waligawa maswali mafungu mawili. Swali la jumla, lisilomtaja mtu wala mahali, waliliita thesis. Swali lililofungwa kwa mtu fulani, wakati fulani na mahali fulani waliliita hypothesis. Mfano wa Quintilian, mwalimu mashuhuri wa Roma, ni mwepesi kukumbuka: kuuliza kama mtu aoe ni swali la jumla, na kuuliza kama Cato, mwanasiasa wa Roma, aoe ni swali mahususi. Walifundisha pia kwamba swali mahususi haliwezi kujibiwa vizuri bila la jumla kuguswa, kwani huwezi kuamua kama Cato aoe pasipo kuwa na mawazo kuhusu ndoa yenyewe. Wasomaji wanaozijua tasnifu zetu wataona mara moja linakoelekea jambo hili. Vichwa vyetu vingi huishia na maneno "uchunguzi kifani wa Jiji la Dodoma" au wa wilaya fulani, na kazi ikisha kuhesabu yaliyoonekana katika kata tatu husimama hapo hapo, bila kurudi kwenye swali la jumla lililofanya kata hizo zistahili kuchunguzwa. Tunashughulika na Cato, ndoa tumeisahau.

Sasa niingie kwenye upande wa Kiswahili, ambao kwangu ndio wenye utamu zaidi. Vitabu vya Aristotle vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad. Topika kilikuwa miongoni mwa vya mapema, kikafasiriwa katika karne ya 8 kwa amri ya Khalifa al-Mahdi. Katika tafsiri za Kiarabu neno thesis liliwekewa neno wadh', ambalo nalo maana yake ni kuweka. Kutokana na mzizi huo huo wa Kiarabu sisi tumepata neno maudhui, ambalo kwa asili yake ni kilichowekwa, yaani jambo lililowekwa ili lizungumzwe. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi wa Kongwa au Mpwapwa anapowaambia wanafunzi wake wataje maudhui ya tamthilia, anatumia wazo lile lile la kuweka ambalo Wagiriki walilitumia katika thema na thesis, ingawa limetufikia kwa njia ya Waarabu.

Neno tasnifu lina nasaba nyingine. Limetoka katika Kiarabu taswnif, yaani kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu. Ni ndugu wa neno sanifu, lile tunaloliona katika Kiswahili sanifu, katika msanifu majengo, katika kusanifu ramani. Tasnifu kwa nasaba yake ni kazi iliyopangwa na kutungwa kwa ustadi, na hilo ni sifa njema. Lakini halina ndani yake wazo la kuweka rai mbele ya watu. Ni jambo la kuvutia kwamba Waarabu wenyewe leo hawalitumii neno hilo kwa maana hii. Kazi ya uzamili huiita risala, neno ambalo kwetu limebaki kwa maandishi yanayosomwa mbele ya mgeni rasmi, na ya uzamivu huiita utruha, kutokana na kitenzi cha kutupa au kutoa jambo mbele ya wengine, ambalo liko karibu sana na Kigiriki.

Sipendekezi tuliache neno tasnifu. Limezoeleka, ni zuri kulitamka, na idara za Kiswahili zimelijengea msamiati mzima unaolizunguka, ithibati, tabaruku, ikisiri, kiunzi cha nadharia. Wala sisemi kwamba asili ya neno ndiyo iliyosababisha udhaifu ninaoulalamikia, maana wanaoandika kwa Kiingereza, ambao wanalo neno thesis lenyewe juu ya jalada, wana udhaifu huo huo. Ninachosema ni kwamba tunayo nusu moja ya jambo, ile ya kupanga, na tunaisimamia kwa ukali unaostahili: pambizo, ukubwa wa herufi, mpangilio wa sura tano, namna ya kutaja marejeleo. Nusu ya pili, ile ya kuweka, imeachwa bila msimamizi.

Haikuwa hivyo zamani. Katika vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati, Bologna, Paris, Oxford na vinginevyo, mtihani mkubwa haukuwa kitabu. Ulikuwa mjadala wa wazi, kwa Kilatini, uliofuata kanuni. Palikuwa na mwenyekiti, palikuwa na mjibuji aliyezitetea hoja zilizowekwa, na palikuwa na wapingaji ambao kazi yao ilikuwa kutafuta ufa. Mjibuji alipaswa kurudia pingamizi kwa haki kabla ya kulijibu, ili ijulikane kwamba amelielewa. Uchapaji ulipoenea, hoja hizo zikawa zinachapwa kwenye karatasi na kubandikwa kabla ya siku ya mjadala ili kila atakayekuja aje amejiandaa. Neno thesis katika zama hizo lilikuwa na maana ya sentensi moja iliyopewa namba yake, na mtu mmoja angeweza kuzitetea kumi, ishirini au zaidi kwa siku.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Martin Luther, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wittenberg. Tarehe 31 Oktoba 1517 alimpelekea Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz hoja zake kuhusu vyeti vya rehema, vilivyouzwa kwa ahadi ya kupunguziwa adhabu ya dhambi, zikiwa 95, zimeandikwa kwa Kilatini kwa ajili ya mjadala wa kitaaluma. Waumini wa Kilutheri nchini wanazijua kwa jina la hoja 95, na hapo Kiswahili kimefanya tafsiri sahihi kabisa bila kusubiri kamati yoyote. Hoja ya kwanza inasema kwamba Yesu aliposema watu watubu, alitaka maisha yote ya waumini yawe ya toba. Ni sentensi moja tu. Msomaji anaweza kuikubali au kuipinga, lakini hawezi kusema kwamba hajui mwandishi amesimama wapi. Naomba wasomaji wailinganishe na ikisiri za siku hizi, ambazo mtu huweza kuzisoma mara mbili akajua utafiti ulifanyika wapi, kwa watoa taarifa wangapi na kwa mkabala upi, asijue mtafiti anadai nini.

Mgeuko ulikuja polepole. Katika karne ya 17 na 18 tasnifu ilishaanza kuwa maandishi marefu, lakini bado mtihani ulikuwa ni kutetea, kiasi kwamba mara nyingi mwenyekiti ndiye aliyeandika na mwanafunzi akazitetea hoja na kulipia uchapaji. Carl Linnaeus, yule aliyeweka utaratibu wa kuyapa mimea na wanyama majina mawili ya kisayansi, alisimamia tasnifu 186 akiwa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, na nyingi kati ya hizo zinahesabiwa kuwa kazi ya kalamu yake mwenyewe. Kisha Chuo Kikuu cha Berlin kikaanzishwa mwaka 1810, na katika karne hiyo vyuo vya Ujerumani vikaifanya tasnifu kuwa utafiti mpya ambao mwanafunzi mwenyewe ameufanya. Chuo Kikuu cha Yale kikatoa shahada za kwanza za uzamivu Marekani mwaka 1861, Oxford ikaikubali shahada hiyo mwaka 1917, na kwa njia ya Uingereza utaratibu ukatufikia sisi. Ulikuwa mgeuko wa haki, kwani hakuna anayetaka kurudi enzi ambazo mwalimu aliandika na mwanafunzi akatetea. Lakini kadiri mzigo ulivyohamia kwenye kuandika, ndivyo sentensi iliyokuwa ikiwekwa mbele ya watu ilivyozama ndani ya kurasa mia tatu, na mara nyingine haikuibuka tena.

Pembeni kidogo niseme kuhusu ule utatu wa thesis, antithesis na synthesis, ambao baadhi ya wanafunzi wetu wa sayansi ya siasa huuandika kuwa ni wa Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani. Wanafalsafa wenzake wa Kijerumani ndio walioanza: Kant aliziweka thesis na antithesis zikitazamana katika kitabu chake cha mwaka 1781, na Fichte ndiye aliyeuunda utatu huo baada yake. Hegel mwenyewe hakuutumia kama muhtasari wa falsafa yake. Watahini wawe wakali kidogo hapo.

Sisi wakazi wa Dodoma hatuna sababu ya kuona mambo haya kuwa ya kigeni, kwa kuwa tunaishi na Bunge. Kila mkutano wa Bunge unapoendelea, redio zetu hutuletea sauti ya mawaziri na wenyeviti wa kamati wakiwasilisha hati mezani, na kila hotuba ya bajeti hufungwa kwa maneno "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja". Kisha wabunge husimama kuiunga mkono, na mjadala ukaanza. Kuweka mezani, kutoa hoja, kuhojiwa, kujibu: hizo ndizo hatua za thesis ya zamani, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila msikilizaji. Waziri hawezi kuleta kitabu cha bajeti, akakisoma chote, kisha akaketi bila kusema anaomba Bunge likubali nini. Mtafiti wetu anaruhusiwa kufanya hivyo.

Nitoe mifano ya karibu ili nisionekane nalalamika hewani. Kichwa kama "Changamoto Zinazowakabili Wakulima wa Zabibu: Uchunguzi Kifani wa Kata ya Hombolo" ni mada, na mada si hoja. Mtu yeyote aliyeishi Dodoma anaweza kukisia Sura ya Nne itasema nini kabla dodoso la kwanza halijagawiwa: mtaji, pembejeo, masoko, ugani, magonjwa. Matokeo yakishathibitisha orodha hiyo, mapendekezo huiomba Serikali na wadau wachukue hatua. Sasa fikiria mtafiti huyo huyo angelazimika kuandika sentensi moja, tuseme kwamba hasara ya mkulima mdogo wa zabibu haitokani na uchache wa wanunuzi, inatokana na zabibu za wote kuiva kwa wakati mmoja pasipo mahali pa kuzihifadhi au kuzisindika, na kwa hiyo kuongeza wanunuzi bila kuongeza usindikaji hakutabadilisha bei anayoipata. Sisemi sentensi hiyo ni kweli. Nasema ina watu wa kuipinga, wakiwemo wafanyabiashara, mabwana shamba na wakulima wenyewe, na ili kuitetea mtafiti atalazimika kukusanya aina ya data ambayo orodha ya changamoto isingemtuma kuitafuta: bei kwa kila wiki ya mavuno, kiasi kinachoharibika, kinachobaki shambani.

Au tuchukue Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeharibiwa na mmomonyoko wa udongo. Ni tukio kubwa katika historia ya mazingira ya nchi yetu, na mtu anaweza kuliandikia tasnifu yenye kichwa "Athari za Uhifadhi wa Ardhi kwa Jamii" akaeleza faida, akaeleza hasara, akahitimisha kwamba zote zipo. Mwingine anaweza kuweka hoja kwamba mafanikio ya hifadhi inayoondoa mifugo hayawezi kupimwa ndani ya mpaka wa eneo lililohifadhiwa peke yake, kwa sababu mzigo wa malisho haukutoweka, ulihamia kwa majirani. Huyu wa pili ameanza na Kondoa na amefika kwenye swali la jumla ambalo mtafiti wa Shinyanga, au wa Ethiopia, atalazimika kulijibu. Ndoa imekumbukwa, na Cato hajasahauliwa.

Ombi langu kwa vyuo vya hapa Dodoma, na kwa vingine vitakavyopenda, ni dogo na halihitaji fedha. Mara baada ya ikisiri uwepo ukurasa mmoja wenye hoja kuu ya tasnifu kwa sentensi moja, ikifuatiwa na hoja ndogo chache zinazoibeba, kila moja ikionyesha ni sura ipi inayoitetea. Uholanzi wanayo desturi ya jinsi hiyo: mtahiniwa wa uzamivu huambatanisha orodha ya kauli ziitwazo stellingen, neno ambalo nalo limetokana na kitenzi cha kuweka, na Chuo Kikuu cha Wageningen, ambako baadhi ya wataalamu wetu wa kilimo wamesoma, bado wanaidumisha. Uswidi mtahiniwa huibandika tasnifu yake hadharani, kwa misumari kabisa katika baadhi ya vyuo, wiki kadhaa kabla ya siku ya kuitetea, na yeyote anaweza kuja kusikiliza. Sisi hatuhitaji misumari. Ubao wa matangazo wa chuo na wa Maktaba ya Mkoa unatosha, pamoja na tarehe, saa na chumba.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba ziko kazi ambazo hazina hoja, kama vile uhariri wa miswada ya tenzi za kale au ukusanyaji wa msamiati wa lugha kama Kigogo na Kirangi. Sikubaliani nayo. Anayehariri mswada huchagua usomaji mmoja akaacha mwingine, na anayekusanya msamiati huamua maneno mawili ni lahaja za neno moja au ni maneno tofauti. Kila uamuzi wa namna hiyo ni dai, na tasnifu njema husema madai yake makubwa ni yapi. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni kwamba mwanafunzi akishalazimishwa kuweka hoja mapema ataanza kuipindisha data ili imkubalie. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kuitumia vizuri ile tofauti ya Kigiriki. Katika pendekezo la utafiti aweke haipothesia, kitu cha muda kilichowekwa chini ili ajaribu kusimama juu yake. Hoja kuu aiandike mwishoni, baada ya uchanganuzi, na asiadhibiwe hata kidogo ikiwa imekuwa kinyume cha haipothesia yake. Mwanafunzi anayeonyesha kwamba alichokidhania si kweli, na akaeleza kwa nini, amefanya kazi kubwa kuliko aliyethibitisha orodha iliyojulikana.

Utaratibu huu utagusa pia jambo ambalo sote tunalijua na wachache hulisema kwa sauti, yaani tasnifu zinazoandikwa kwa malipo na watu wasio wenye majina yaliyo juu ya jalada. Sura tano zinaweza kununuliwa. Saa mbili za kuitetea sentensi moja mbele ya wapingaji waliojiandaa haziwezi kununuliwa.

Jambo la mwisho ni lugha. Nje ya idara za Kiswahili, tasnifu zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mjadala kuhusu hilo ni mrefu kuliko barua hii. Lakini hoja kuu, hata ya tasnifu ya Kiingereza, iandikwe pia kwa Kiswahili, kwa sababu wanaoijua hali inayozungumzwa kuliko watahini wote ni wale waliojibu madodoso. Mtafiti anapokwenda kukusanya data, barua yake ya kibali hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikafika kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji, na huyo wa mwisho ndiye anayewaita watu wakae chini ya mti wamjibu mgeni maswali. Sentensi moja ya Kiswahili, yenye jina la mtafiti na chuo chake, irudi kwa njia hiyo hiyo hadi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla ya siku ya utetezi, na watu wa Hombolo au wa Kondoa walioombwa majibu wapewe muda wa kuandika kama wanaikubali au wanaipinga, na maandishi yao yasomwe mbele ya jopo la watahini.

Wako katika kukijenga Kiswahili,
Mhariri wa lugha,
Makole, Dodoma.